Nina darasa la bure la picha kwa madogo wa mtaani, niendelee au nifunge? Naombeni ushauri

Kivuli cha Tandika (mleta mada)

Wakuu habari za saa hizi, poleni na majukumu.

Mimi ni mpiga picha, nina kifremu changu huku Tandika, pasipoti saizi, harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, chochote kinacholeta hela. Mwaka wa 11 huu. Nisiwe mwongo, kazi nilikuwa nimeichoka, kila harusi naiona ile ile, keki ile ile, MC anarudia utani ule ule, narudi home na picha elfu mbili sina hamu ya kufungua hata moja.

Sasa siku moja umeme umekatika nimekaa nje, kuna madogo watatu huwa wanakuja kuchungulia picha za dirishani. Mmoja akaniuliza, "bro, kwa nini ukipiga mtu mweupe na mtu mweusi wakiwa pamoja mmoja anapotea?" Asee, miaka yote 11 hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali la maana kama lile. Nikamtolea kamera tukaanza kupiga hapo hapo barazani, yeye na mwenzake, tukacheza na mwanga mpaka giza likaingia. Usiku ule nilichelewa kulala kwa raha tu.

Ndio darasa likazaliwa. Kila Jumamosi, bure, madogo tisa na kamera mbili, Nikon D3100 yangu ya zamani na kikamera kidogo alichonipa mteja. Mjumbe katupa baraza yake, seremala wa jirani katugongea benchi, kuna mama anakaanga samaki soko la Feri, akirudi anawaletea vibua kwenye gazeti wanakula kabla ya kuondoka. Nimerudi kuipenda kazi yangu wakuu, hata harusi nazipiga tofauti sasa.

Ila kumetokea mtafaruku kidogo na mzazi mmoja na naona darasa limepoa. Nafikiria nifunge tu kwa amani. Niendelee au nifunge?

Mnyalu wa Iringa

Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wajuzi.

Shangazi wa Tabata

Hongera sana mwanangu, Mungu akubariki, vijana wa siku hizi wanahitaji watu kama nyie, wangu mimi yuko ndani na simu tangu shule zifungwe, nikimwambia akachote maji ananiangalia kama namwongelesha Kichina. Usifunge. Na huyo dogo wa swali la mweupe na mweusi mshikilie.

fundi_betri

Swali la dogo zuri ila jibu ni rahisi, kamera inapima mwanga wa wastani, pima usoni kwa yule mweusi halafu huyu mweupe mrudishe nyuma kidogo kwenye kivuli. Mafundi wengi wa harusi hili hawalijui ndio maana bibi harusi anatoka kama majivu.

Binti Mlandege

Mie nipo Zanzibar kaka yangu. Hapa Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio ya mzee Ranchhod Oza, ilianza 1930, ukiingia ukuta mzima ni watu wa zamani wanakutazama. Babu yangu na yeye alikuwa fundi wa picha, ila kwenye studio nyengine, siitaji. Kazi yake kupaka rangi kwa mkono, picha nyeusi na nyeupe anaitia wekundu wa mdomo na dhahabu ya kipuli, kwa kijiti chenye pamba. Kapaka miaka na miaka. Nyuma ya kila picha kuna muhuri wa mwenye studio, yeye hayumo hata moja. Tunazo mbili nyumbani na tunajua ni zake kwa sababu alikuwa anazidisha wekundu.

Nimetoka nje ya mada, nisameheni. Huo mtafaruku ni upi hasa?

Kamanda Kipara

Namuunga mkono dada wa Mlandege. Mleta mada umeandika aya za sifa nne, tatizo umelipa mstari mmoja. "Mtafaruku kidogo na mzazi mmoja." Hapo ndio penye uzi. Umetembea na mama wa dogo?

Kivuli cha Tandika

Hapana mkuu, usinichafue, nina mke.

Ni suala la picha. Kuna kazi nilipata, picha za kuweka ukutani kwenye mgahawa mpya huko mjini, na mzazi anaona kama mwanae hakutendewa haki. Ni mambo ya kutoelewa biashara tu.

Kamanda Kipara

Picha alipiga nani?

Mpigapicha Mstaafu

Wakati tunasubiri jibu, niseme tu kwamba vijana kulelewa kwenye hii kazi sio jambo geni. Marehemu Mohamed Amin, yule wa picha za njaa ya Ethiopia 1984, kakulia hapa hapa Dar na alianza na kikamera cha boksi akiwa mwanafunzi. Camerapix, kampuni yake ya picha, aliifungua Dar 1963 kabla ya kuhamia Nairobi. Mkono mmoja uliondoka kwenye mlipuko Addis Ababa 1991 na bado akaendelea kupiga, mpaka ile ndege aliyopanda ikatekwa na kuanguka baharini Komoro 1996. Mimi nilianza kwa kubeba betri za mzee mmoja pale Mnazi Mmoja, miaka miwili sijagusa kitufe.

Kamanda Kipara

Sawa mzee. Kivuli, picha alipiga nani?

Kivuli cha Tandika

Dogo.

Ila msinihukumu kabla ya kusikia. Jumamosi moja niliwapeleka Feri alfajiri, kumi na mbili na kitu, jua ndio linachomoza upande wa Kigamboni na moshi wa mabanda ya wakaangaji umesimama. Kamera yangu, memori kadi yangu, nauli ya daladala ya watu kumi nimelipa mimi, na mimi ndiye niliyemwambia asimame pale ulipo moshi aache kupiga boti. Yeye kabonyeza. Nyumbani nimekaa masaa mawili kuiediti. Nikaiweka Instagram kwenye akaunti ya kazi, sikuandika kwamba nimepiga mimi, sikuandika chochote. Mteja akaja mwenyewe, akasema hii nataka kubwa ukutani, mita tatu, na jina la fundi chini. Nilikuwa naandikiana naye usiku, nikaandika langu. Sikukaa kufikiria.

Kalipa milioni mbili na laki nne. Fremu mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, laki mbili na nusu kwa mwezi, hiyo milioni na nusu imeenda. Laki sita nimetanguliza kwa lensi ya 85 pale Kariakoo. Imebaki laki tatu. Nilikuwa nimepanga kumpa dogo laki moja ya viatu na daftari. Hayo yote nimefanya na darasa nalilipia mimi, hakuna mzazi aliyewahi kuchangia hata maji.

Shangazi wa Tabata

Narudisha ile hongera.

Wakili wa Baraza

Twende kisheria kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi, haki inazaliwa pale kazi inapoumbwa, na ni ya aliyeiumba. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unaenda kusajili upate ushahidi, usajili sio unaoleta haki. Kamera kuwa yako haikupi picha, ingekuwa hivyo kila aliyeazima kalamu ya benki angedaiwa barua. Na mbali na hela kuna haki ya kutajwa kwamba kazi ni yako. Dogo ana miaka mingapi?

Kivuli cha Tandika

16, kidato cha tatu.

Wakili wa Baraza

Basi hata angekubali kwa mdomo haikusaidii, chini ya 18 hana uwezo wa kuingia mkataba. Unaongea na mzazi.

Otis wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Huku Mathare 1997 kulikuwa na mradi unaitwa Shootback, chini ya MYSA ile ya mpira, watoto walipewa kamera za plastiki rahisi kabisa wapige mtaa wao. 1999 kikatoka kitabu, na ni picha zao kwa majina yao. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa naona vijana wakubwa wanapita na kamera shingoni, tukawa tunajifanya na sisi tunazo, tunatengeneza za boksi la kiberiti. Hadi leo sijui kupiga picha lakini nikiona kamera nasimama wima.

Profesa Mashaka

Jamani mnakunywa chai na hamjui. Angalieni: 1) ID imefunguliwa wiki hii. 2) D3100 ni kamera ya 2010, megapikseli 14, eti imechapwa mita tatu ukutani? Ingetoka matofali. 3) Nani Dar hii analipa milioni mbili na nusu kwa picha moja ya moshi wa samaki, wakati harusi nzima na video mnapiga kwa laki nane? Hii ni hadithi, sukari ndio imezidi. Adimini hamisha jukwaa la riwaya.

Mnyalu wa Iringa

Hahahaha mimi nilishaanza kuishtukia kwenye vibua vya gazeti.

fundi_betri

Profesa kwenye namba 2 umechemka. D3100 inatoa pikseli 4,608 kwa upana, gawa kwa mita tatu ni 1,500 na ushee kila mita. Ukiibandikia pua utaona madoa, ila mgahawani unaiangalia ukiwa umekaa mita tatu nne huko, hakuna atakayejua. Mabango ya barabarani yana pikseli chache kuliko hizo. Namba 3 ndio hata mimi imenikwaza.

Kivuli cha Tandika

Namba 3 nieleze. Hela haikuwa ya picha moja. Zilikuwa nne, tatu ndogo zangu kabisa za Kivukoni na za Kisutu, na ile kubwa. Pamoja na kuchapa na fremu za mbao. Kwa hiyo mnaona, dogo akigawiwa kwa hesabu anapata sehemu ndogo tu.

Kamanda Kipara

Mbona hukusema mwanzo? Yaani ulipokuwa unajuta ilikuwa moja, ulipobanwa zimekuwa nne. Haya, mteja alikutafuta kwa ipi?

Kivuli cha Tandika

Ile ya dogo. Tatu niliziongeza mimi ili dili liwe kubwa.

Profesa Mashaka

Bado chai. Toa kitu ambacho mtunzi hawezi kutunga.

Kivuli cha Tandika

Sijui mnataka nini. Sawa.

Mwanamke wa kwenye picha ameshika mwiko wa chujio, mkono wa kulia una kovu la mafuta kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kiwiko, ngozi imekunjana inang'aa. Dogo hakumpiga uso. Kapiga mkono tu, mafuta yameruka yameganda hewani matone kama saba hivi na jua limepita katikati. Mimi nilipoiona kwenye kompyuta nilinyamaza. Mimi nisingeipiga ile. Ningempiga uso, acheke, kama ninavyopiga maharusi.

Mkono ni wa mama yake. Ni huyo huyo mama wa vibua.

Mgahawa waliposti ukuta wao, jina langu chini. Dogo akaweka makofi pale chini, yale ya njano, matatu. Hakuniuliza kitu. Jumamosi hakuja. Jumatatu nafungua fremu nakuta mfuko wa rambo umening'inizwa kwenye kitasa, ndani kuna D3100 imefungwa kwenye kipande cha khanga, lensi imefutwa, kadi ipo, na betri imejazwa mpaka mwisho. Kwao hawana umeme wiki ya pili sasa, luku imeisha. Sijui kaichajia wapi.

Mama hajagombana na mimi. Nilisema mtafaruku, hakuna mtafaruku. Nilipita Feri akanisalimia, akanifungia samaki, akakataa hela. Akasema tu, "mwalimu, mwanangu anauliza kama ule mkono unaonekana ni wangu." Nikasema unaonekana. Akasema, "haya."

Shangazi wa Tabata

Jamani.

Binti Mlandege

Kaka, hilo jina chini ya picha limechapwa au limebandikwa? Maana kama ni kibandiko hata leo kinabanduka.

Kivuli cha Tandika

Ni kibati kidogo cha shaba, nimekichongesha mwenyewe mtaa wa Gerezani, elfu kumi na tano. Kimepigiwa misumari miwili.

Mpigapicha Mstaafu

Misumari miwili inang'oka kijana. Nenda Gerezani kachongeshe kingine. Ulianza kwa kuuliza ufunge darasa, mimi nauliza funguo ya hilo darasa unayo wewe kweli? Baraza ya mjumbe, benchi la seremala, samaki wa yule mama. Ya kwako ni kamera mbili, na moja imesharudishwa.

Profesa Mashaka

Ile ya betri imenimaliza. Naomba radhi kwa namba 2. Namba 1 bado nina mashaka.

Wakili wa Baraza

Na lensi ya Kariakoo kama hujaichukua, ongea na muuza dukani upate advansi yako au hata nusu. Hiyo laki moja ya viatu usithubutu kumpelekea, mtakuwa mmemaliza hata salamu. Nenda kwa mama na hesabu yote ya milioni mbili na laki nne kwenye karatasi, na karatasi ya fremu za mbao, ya kuchapa, kila kitu. Mkae.

Kivuli cha Tandika

Lensi sijaichukua, nilikuwa niende kesho. Nikirudisha napoteza laki moja ya kuvunja, kaniambia mwanzo kabisa.

Mteja nikimwambia sio yangu ataniona tapeli, na kanipa namba ya rafiki yake mwenye hoteli. Ndio mnachotaka?

Kamanda Kipara

Sisi hatutaki kitu, wewe ndiye umetuita.

Kivuli cha Tandika

Nimemwandikia mteja. Tiki mbili, hazijawa bluu. Nimemwambia fundi ni mwanafunzi wangu na jina nitaleta lingine, nitang'oa mwenyewe kibati siku wasiyofungua. Hela sijagusia.

Otis wa Kayole

Utatuambia amejibu nini. Na dogo?

Kivuli cha Tandika

Dogo nitaanzia wapi. Kesho Jumamosi.

muuza_vitu_used

Mkuu nimesoma uzi wote, pole sana. Hiyo D3100 kama imerudi na haina mtu, unaiachia kwa bei gani? Imeshapiga picha ngapi mpaka sasa? Niko Tegeta nafika leo leo.