Setilaiti na vipima mwanga vyangu havikubaliani kuhusu msitu mmoja, naombeni ushauri

Kijana_wa_Mufindi:
Habari zenu wakuu. Nipo Finland, karibu na Joensuu, nasomea misitu. Kazi yangu ni kujua miti ya sprusi na misonobari (yote majani yake ni kama sindano) inanasa kiasi gani cha ule mwanga wa kutengenezea chakula, wa nanomita 400 hadi 700. Nina vipima mwanga viwili, kimoja juu ya mnara kingine chini kivulini, halafu nalinganisha na picha za setilaiti ya Sentinel-2 nilizokokotoa kwa programu ya SNAP. Sasa mwezi wa tatu setilaiti inasema 0.3 (yaani sehemu 3 kati ya 10 za mwanga ndizo zinanaswa), mwezi wa tano 0.7, wakati vipima vyangu viko 0.8 na kitu muda wote na miti yenyewe ni kijani mwaka mzima! Nimekulia jirani na misonobari ya shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi nikadhani huu mti naujua. Rasimu inatakiwa wiki ijayo, nimuamini nani?

BiRamani:
Pole mdogo wangu, hiyo ni theluji. Namba haikupanda kwa sababu majani yameota, imepanda kwa sababu theluji imeyeyuka. Theluji inarudisha mwanga mwekundu karibu sawa na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), na programu inategemea tofauti ya hiyo miwili kutambua majani, kwa hiyo theluji ikionekana katikati ya miti inakuambia pikseli (kile kimraba kimoja cha picha) haina kitu. Toa tarehe zote zenye theluji, na usiamini tu lile tabaka la kuonyesha mawingu na theluji linalokuja na picha, theluji iliyojificha chini ya miti mara nyingi linaipita. Fungua picha moja moja uangalie kwa macho yako.

fundi_mnara:
Dada kasema kweli ila na vipima viwili havitoshi mkuu. Unatakiwa kujua mwanga unaoshuka juu ya miti, unaorudi angani, unaopenya hadi chini, na unaorushwa na ardhi kwenda juu. Huo wa mwisho wengi wanausahau na kwenye theluji ni mwingi, sindano za matawi ya chini zinaunasa mara ya pili. Halafu chini weka vingi, kimoja kikikaa kwenye doa la jua na saa inayofuata kivulini kitakudanganya siku nzima. Hapo hapo Finland kuna kituo cha SMEAR II pale Hyytiälä, kinapima msitu wa misonobari tangu 1995, soma walivyopanga vifaa vyao.

Kijana_wa_Mufindi:
Asanteni sana, ya theluji nimeelewa. Lakini mbona hata Julai setilaiti bado iko chini?

Mwl_Pikseli:
Hapo ndipo penye kazi kaka. Hesabu ya SNAP imefundishwa kwa mfano wa kompyuta uitwao PROSAIL, ambao unachukulia majani yametawanyika sawasawa kama shamba la mahindi. Sprusi haiko hivyo, sindano zimesongamana kwenye kijitawi, vijitawi kwenye mti, na mwanga ukiingia humo unagonga sindano hii na ile mpaka unaishia ndani. Msitu unaonekana mweusi kutoka juu, infraredi inarudi kidogo, programu inadhani majani ni machache. Tena vipima vyako vinahesabu hadi mashina na matawi, programu inahesabu kijani tu, kwa hiyo mnalinganisha vitu viwili tofauti. Ukikimbilia MODIS, kifaa cha setilaiti nyingine, ina kundi la peke yake la misitu ya sindano, ila pikseli yake ni mita 500 na kwa maziwa yalivyojaa huko kwenu utapima maji.

BiRamani:
Na saa pia. Setilaiti inapita asubuhi mara moja, wewe unachukua wastani wa siku. Linganisha dakika ileile, maana jua likiwa chini mwanga unapita njia ndefu ndani ya miti na unanaswa zaidi. Desemba usiihangaikie, jua la mchana hapo Joensuu ni kama nyuzi 4 tu juu ya upeo.

Kijana_wa_Mufindi:
Sawa dada. Leo naondoa tarehe za theluji na kulinganisha saa ileile, kesho naenda kuomba vipima vingine vya kuweka chini. Nitaleta grafu hapa.