Bodi tundu dogo, daiodi miguu minene, halafu unaambiwa "toboa tu fundi". Mnatutia hasara!

Jamani mafundi wa Unguja na Pemba, leo nna hasira naomba mnisikilize. Hizi bodi tupu za chaja za sola zinazouzwa pamoja na vifaa vyake kwenye pakti moja, nani anazikagua? Mie nipo Chake, naagiza mjini, mzigo unakuja na boti, nafungua pakti nakuta daiodi (kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya ampea 3, 1N5408, mguu wake wa waya karibu milimita 1.3, na tundu la bodi limetobolewa milimita 1! Haiingii hata ukeshe nayo. Bodi inaonesha wazi ilichorwa kwa 1N4007, ile ya ampea 1 ambayo mguu wake haufiki 0.9, mtu kabadilisha daiodi tu, tundu hakuligusa, kafunga pakti kauza.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu la muuzaji. Nampigia simu ananambia "toboa tu fundi, chukua drili upanue". Nitoboe nini? Hii bodi ina treki, yaani njia za shaba za kupitisha umeme, juu na chini, ndani ya tundu mna ukuta mwembamba wa shaba ndio unaounganisha pande mbili, ukipitisha drili umeukwangua wote, na ile pete ya shaba pembeni inabaki nyembamba kama uzi au inang'oka kabisa. Unachoma risasi ya kulehemu chini, inang'aa vizuri, kumbe juu hakuna kitu. Mteja anaondoka nayo, jua likipanda moto ukazidi, inakufa. Anaetukanwa hapo ni fundi, wa dukani hata hajulikani.

Na nyie mnaopiga tupa mguu mpaka uingie, wallahi acheni. Mguu wa 1.3 ukiusugua hadi 0.9 shaba iliyobaki haifiki nusu, na daiodi hizi joto lake linatokea kwa miguu hiyo hiyo. Halafu lile bati jembamba linalofunika shaba ya mguu lishakwenda, na hewa yetu hii ya chumvi, nyumba za huku Wesha pwani ndo usiseme, shaba ikikaa uchi inageuka kijani mara moja.

Mie tundu nalijaza risasi, mguu naukunja ulale juu ya pedi, ile pete ya shaba, nakwangua ile rangi ya kijani ya treki nachoma kwa urefu, na daiodi yenyewe naiinua kidogo ipate hewa. Kunja mbali na mwili, ukikunja shingoni inapasuka ndani na kwa nje huoni kitu. Kazi inatoka madhubuti lakini muda wote ule nani ananilipa? Pakti nimenunua kwa bei ya kitu kilichokamilika!

Tundu linatakiwa lizidi mguu kwa milimita 0.2 mpaka robo hivi. Mguu 1.3, weka tundu 1.5, kwisha. Ni namba moja tu ya kubadilisha kwenye mchoro kabla haujenda kiwandani. Na nyie wauzaji, kalipa, kile kipimo cha unene, si ghali, chukueni pakti moja mpime kabla hamjaleta mzigo mzima.

Ambae kauziwa pakti hizi aweke picha hapa chini, bodi na daiodi, na kipimo kionekane. Mie zangu narudisha na boti ijayo, nataka hela yangu, sitaki kubadilishiwa nyengine za mzigo ule ule.