Shafti au cheni kwa safari ndefu? Nataka kuacha sipoti nihamie Yamaha FJR1300

Jahazi_Maskati
Asalaam aleikum wakuu. Mie nipo Maskati, Oman, nnaendesha sipoti ya 600 mwaka wa nne sasa. Kila mwezi wa saba tunashuka Salalah kufuata kharif (msimu wa mvua za manyunyu na ukungu), kama kilomita 1,000 hivi, na kuanzia Adam mpaka Thumrait ni jangwa tupu, barabara imenyooka hukunji hata kidogo. Mwaka jana nilifika viganja vimekufa ganzi, cheni imekauka na mchanga umeingia mle ndani inasaga, nikawa nimechutama sheli ya Haima napuliza dawa ya cheni na wenzangu wenye FJR1300 za shafti washamaliza chai yao wananisubiri. Sasa nauliza, hii shafti (fimbo ya chuma inayozunguka kupeleka nguvu tairi la nyuma badala ya cheni) ni nzuri kweli kiasi hicho? Kama ni nzuri mbona pikipiki za mashindano hazina? Na kitu cha kilo karibu 290 kwenye zile kona za kuteremkia Salalah kinalala kweli?

FundiDifu
Waaleikum salaam sheikh. Kabla ya shafti angalia kwanza krenki (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) imekaaje, maana ndo inaamua kila kitu. Hiyo FJR ina silinda 4 zimepangwa kwa upana, krenki imelala kushoto kwenda kulia sawa na ekseli ya tairi la nyuma. Kwa cheni huo ni mpango mzuri sana, nguvu inatoka gia boksi inaenda moja kwa moja nyuma haikunji kona popote. Ukitaka kuweka shafti hapo inabidi nguvu ikunje kona ya nyuzi 90 mara mbili, mara ya kwanza inapotoka gia boksi kuingia kwenye shafti, mara ya pili kwenye difu ya nyuma (boksi la gia pale kwenye tairi), kule gia ndogo ya pinioni inapozungusha gia kubwa ya krauni. Kila kona kuna gia zinasuguana, nguvu kidogo inapotea na uzito unaongezeka, na uzito mbaya zaidi ni ule wa difu kwa sababu umeshikana na tairi, kila bonde tairi linaporuka shokapu inabidi ilitulize pamoja na lile bonge la chuma. Ndo maana huioni kwenye mashindano. Kule pia wanabadilisha sproketi (gia za cheni) kila uwanja ili kupata uwiano wanaotaka, kwenye shafti hilo huliwezi.

BMW za boksa (silinda mbili zimelala moja kila ubavu) na Honda ST1100 zimegeuza krenki ikae mbele kwenda nyuma, kwa hiyo kona inabaki moja tu. Ila boksa ukipiga resi imesimama unaihisi kabisa inakusukuma kwa ubavu.

Halafu kuna ile tabia ya shafti za zamani, ukifungua mafuta nyuma inanyanyuka, ukifunga inazama, na ukifunga katikati ya kona ndo unakosa raha kabisa. Pinioni inataka kuipanda krauni na mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi) unanyanyuka nayo. BMW mwaka 1987 wakaleta Paralever, difu ikawekewa maungio yake na fimbo ya kuizuia isijizungushe. Kawasaki nao kwenye GTR1400 wana Tetra-Lever yao. Yamaha hawakuweka fimbo hizo kwenye FJR, ya 2006 wakaurefusha mkono wa nyuma kupunguza tabia hiyo.

MamaPan
Mimi niko Uingereza nina ST1100 ya miaka ya tisini hadi leo naipenda. Nakuongezea kitu kimoja kuhusu uzito kaka, usiogope kilo, uliza kilo ziko wapi. Hii yangu inabeba lita 28, yaani kama kilo 21 za petroli, na tenki kubwa wameliteremsha chini ya kiti, pale unapodhani ni tenki si tenki. Kuisukuma gereji ni kazi kwelikweli lakini ikishafika spidi ya mtu anayekimbia uzito wote unausahau, na kona inaingia taratibu bila kubishana na wewe.

Jahazi_Maskati
Shukran sana dada. Na joto la injini je? Huku nyuzi 45 kivulini.

FundiDifu
Swali zuri. Za mwanzo za 2001 mpaka 2005 watu walilalamika joto linakuja miguuni, toleo la 2006 wakabadilisha vibao vya pembeni vikawa unaweza kuvisogeza hewa ya moto ipite mbali na magoti. Kwa huko ningekushauri uanzie 2006. Kioo cha mbele kinapanda kwa umeme, ila ukikipandisha mpaka juu wakati wa joto upepo mzuri unaukosa na unahisi kitu kinakusukuma mgongoni, ni hewa ya nyuma inakimbilia lile pengo nyuma ya kioo. Teremsha mpaka upepo ukuguse mabega.

Na usidanganywe kwamba shafti haitaki kuguswa. Oili ya difu ni ml 200 tu, badilisha. Kila ukibadili tairi la nyuma paka grisi kwenye yale meno yanayoingia kwenye rimu. Niliwahi kuletewa moja, gereji ya kabla yangu ilibadili tairi mara tatu bila grisi, nilipovuta rimu meno yamebaki makali kama kisu na unga mwekundu wa kutu ukamwagika sakafuni. Ukienda kununua mwambie muuzaji atoe tairi mbele yako. Akikataa ondoka.