Michirizi ya ndege: kwa nini siku nyingine inakaa masaa na siku nyingine inafutika papo hapo?

Tandabui
Wakuu, heshima kwenu. Nahitaji majibu ya vipimo, si ya mabishano. Wanaoamini kwamba ndege zinatupulizia kemikali, yaani kemtreli, wana hoja tatu zinazogusa hali ya hewa. Mosi, mistari hukaa siku fulani tu. Pili, hujipanga sambamba kama matuta ya shamba, na inasogea upande tofauti kabisa na upepo wa huku chini. Tatu, mara nyingi kesho yake mawingu yanafunga. Upepo unaeleza yote haya? Na mtu anaweza kujipimia mwenyewe?

Kipimapepo
Anza na maji. Kila kilo 1 ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 1.25 za mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa ya baridi kali, kwa kawaida chini ya nyuzi 40 za selsiasi chini ya sifuri, hugeuka chembe za barafu. Ndiyo maana kuna nafasi tupu kati ya injini na mwanzo wa mchirizi: moshi lazima kwanza uchanganyike na kupoa.

Kukaa au kutokaa ni suala la unyevu. Hewa ikiwa kavu, barafu inarudi kuwa mvuke ndani ya sekunde chache. Ikiwa imeshiba unyevu kwa kiwango cha barafu, chembe hazipungui, bali zinanenepa kwa maji yaliyokuwa tayari angani. Mchirizi uliodumu kwa saa 3 unabeba maji mengi kuliko ndege iliyotoa. Kwenye nyuzi -50, kiwango hicho hufikiwa unyevu ukiwa asilimia 62 hivi kwa kipimo cha kawaida, yaani kinacholinganishwa na maji ya kimiminika, kwa hiyo usisubiri uone 100.

Namna ya kupima: fungua data za maputo ya hali ya hewa, ambayo vituo vingi hurusha saa 00 na saa 12 UTC (saa ya kimataifa). Nenda kwenye safu za hektopaskali (kipimo cha kanieneo ya hewa) 300, 250 na 200, yaani takriban kilomita 9 hadi 12. Soma halijoto na kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo mvuke ulio hewani huanza kugeuka maji. Kwenye nyuzi -50, pengo kati ya viwili hivyo likiwa 4 au pungufu, tarajia michirizi inayodumu. Tahadhari: vipima unyevu vya puto hupoteza usahihi kwenye baridi hiyo, na puto lililorushwa kilomita 200 kutoka kwako linaweza kuwa limepita kwenye hewa nyingine.

Ndege mbili, moja na mchirizi na nyingine bila? Angalia kimo chao kwenye tovuti ya kufuatilia ndege. Tofauti ya mita 600 inatosha kuvuka kutoka tabaka lenye unyevu hadi kavu.

Hoja ya tatu inajibika hapohapo. Unyevu wa juu mara nyingi hutangulia mfumo wa mvua kwa saa 12 hadi 24. Michirizi haileti mvua. Vyote viwili vinatokana na hewa ileile.

Mlinganyo
Naongeza upande wa upepo. Bendera inaonyesha upepo wa mita 10 juu ya ardhi, na mchirizi uko mita 10,000. Huko kilomita 100 kwa saa ni jambo la kawaida, na uelekeo unaweza kuwa kinyume kabisa.

Matuta yale hayahitaji rubani mwenye mpango. Chukua njia moja ya anga, ndege inapita kila dakika 10, upepo wa ubavuni wa kilomita 90 kwa saa. Mchirizi wa kwanza umeshasukumwa kilomita 15 wa pili unapozaliwa. Njia nyingine ikikatiza, unapata miraba.

Kupima kasi: nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi ni kama nyuzi 10 za pembe, na utosini, yaani moja kwa moja juu ya kichwa chako, kwa kimo cha kilomita 10, hiyo ni mita 1,750. Hesabu sekunde ambazo mchirizi unavuka ngumi, kisha gawanya 6,300 kwa sekunde hizo. Sekunde 60 ni kilomita 105 kwa saa. Pima karibu na utosi tu. Ukishuka kuelekea upeo wa macho hesabu inaharibika. Mchirizi uliolala sambamba na upepo utaonekana umesimama, usidanganyike.

Kutanuka nako ni upepo. Mchirizi wenye kina cha mita 500, sehemu ya juu ikienda kasi kuliko ya chini kwa mita 2 kwa sekunde, unapanuka zaidi ya kilomita 7 kwa saa moja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeupa jina mwaka 2017: ukidumu dakika 10 au zaidi ni Cirrus homogenitus, yaani wingu la sirasi lililotokana na binadamu.

Tandabui
Shukrani. Na wanaokinga maji ya mvua chini ya mistari wakakuta alumini?

Kipimapepo
Alumini ni kama asilimia 8 ya ganda la dunia; vumbi kidogo tu linatosha. Halafu chembe ya maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) yenye msongamano kama wa maji hushuka milimita 3 hivi kwa sekunde. Kutoka kilomita 10, kwa mvutano wa dunia peke yake, ni zaidi ya mwezi mzima, na upepo wa kilomita 100 kwa saa unaipeleka kilomita 2,400 kwa siku. Chochote kinachodondoka kwenye beseni lako hakikutoka kwenye mstari ulio juu yako.

Anayetaka kupima kweli atumie chombo cha plastiki kilichosuuzwa kwa asidi, aweke pembeni chombo cha maji yaliyokenekwa kama kilinganishi, apime pia siku zisizo na mistari, na asichanganye mikrogramu na miligramu. Kosa hilo moja linakuza jibu mara 1,000.

Mlinganyo
Linganisha na ndege za dawa za mashamba. Zinaruka mita 3 hadi 4 juu ya mazao, zikimwaga matone ya maikromita 250 na zaidi, katika upepo wa kilomita 5 hadi 15 kwa saa, na bado dawa hupeperuka. Hatari zaidi ni alfajiri tulivu, hewa baridi ikiwa chini na ya joto juu: matone madogo hayapandi wala hayatawanyiki, yanasafiri kama ukungu hadi kwa jirani. Majani yakiungua upande mmoja wa shamba, andika saa, uelekeo wa upepo na umbali, piga picha, chukua majani ndani ya saa 48. Huo ni unyunyiziaji unaopimika.