Salem Al-Dawsari: mechi moja Hispania inatosha kumhukumu?

Kocha_Makorora

Wakuu, salaam. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Makorora, Tanga. Nina kijana mmoja anayecheza winga ya kushoto, ila mguu wake ni wa kulia, na mchezaji anayemhusudu ni Salem Al-Dawsari wa Al-Hilal ya Saudia. Jezi yake ya mazoezi ameiandika 29 mgongoni kwa kalamu ya wino mzito, kila ikifuliwa anaiandika upya.

Wiki iliyopita wenzake walimkalia kooni. "Huyo Msaudi wako alipelekwa Hispania akacheza mechi moja, akarudishwa kwao. Asiyecheza Ulaya si mchezaji." Baada ya mazoezi akanifuata, viatu mkononi, akaniuliza kama ni kweli. Sikuwa na jibu, maana mimi ligi ya Saudia nimeanza kuifuatilia Msuva alipokwenda Al-Qadsiah. Ya kabla ya hapo nayasikia juujuu.

Naomba wanaomfahamu huyu mtu vizuri wanisaidie. Ilikuwaje huko Hispania? Na kama kuna jambo kijana wangu anaweza kujifunza kwake, ni lipi hasa?

Chuma_Temeke

Mkuu, vijana wako hawajasema uongo. Januari 2018 wachezaji tisa wa Saudia walipelekwa klabu za Hispania kwa mkopo, kwa makubaliano ya wakubwa wa soka wa pande mbili, ili wapate makali kabla ya Kombe la Dunia la Urusi. Salem akaangukia Villarreal. Alikaa mpaka mechi ya mwisho ya msimu, tarehe 19 Mei, nyumbani dhidi ya Real Madrid. Akaingia kipindi cha pili timu iko nyuma 2-0, ikaisha 2-2. Basi, hiyo ndiyo Ulaya yake yote.

Namheshimu. Lakini kwangu mimi winga mwenye uwezo wa juu kabisa angetafuta njia ya kurudi kule hata kwa klabu ndogo. Kumpanga daraja moja na mawinga wakubwa wa dunia siwezi.

Mwanalikoni

Kocha, salaam kutoka Likoni. Hili lako limenigusa, nitajibu kirefu, univumilie.

Mimi nilikuwa Doha mwaka 2022, wakati wa Kombe la Dunia. Nilikuwa mlinzi wa uwanjani pale Lusail, wale wa fulana za reflekta wanaopangwa chini kuzunguka uwanja. Kazi yetu ilikuwa kutazama watu. Uwanja unaupa mgongo, macho yako kwa mashabiki, na ukigeuka tu msimamizi kakuona. Kwa hiyo mechi ya Argentina na Saudi Arabia, tarehe 22 Novemba saa saba mchana, nilikuwemo mwanzo mwisho na sikuiona.

Niliisoma kwenye nyuso. Mbele yangu, safu ya nne, alikaa mzee wa Kisaudi, kanzu nyeupe, skafu ya kijani, tasbihi mkononi. Messi alipofunga penati dakika ya 10, mzee hakusema neno, aliendelea kuvuta tasbihi yake punje kwa punje. Mara tatu kabla ya mapumziko Waargentina waliruka kisha wakakaa tena, mabao yamekataliwa kwa kuotea. Kila mara mzee akishusha pumzi. Dakika ya 48 Saleh Al-Shehri akasawazisha, na jukwaa zima la kijani likainuka.

Lakini lile la dakika ya 53 lilikuja vingine. Bao ukilisikia kwa mgongo, kelele hukupiga kwa mkupuo mmoja. Hili watu walisimama kwanza, wakanyamaza kwa kitambo cha pumzi moja, ndipo uwanja ukapasuka. Kumbe kile kimya ni pale alipokuwa akigeuka na mpira, lakini hilo nililijua baadaye. Nilimwona mzee kasimama, mdomo wazi, tasbihi imemponyoka imeanguka kwenye ngazi. Hakuiona. Ameshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka ndevuni, anarudia jina moja tu: Salem, Salem, Salem. Nikapanda ngazi mbili nikaiokota tasbihi nikampa. Akaupokea mkono wangu pamoja na tasbihi, hakuuachia mpaka mpira ulipoanza tena katikati.

Bao lenyewe nililitazama usiku kambini, kwenye simu ya mwenzangu. Mpira unadondoka kushoto, ndani ya kumi na nane. Anautuliza, anageuka, anaingia katikati ya mabeki kama mtu anayepita mlango anaoujua, kisha anauzungusha kwa mguu wa kulia kwenda kona ya mbali ya juu. Kipa Emiliano Martínez anaugusa kwa vidole, hautoki. Halafu ile sarakasi yake ya kushangilia. Argentina walikuwa wamecheza mechi 36 bila kufungwa, na kikosi kilichowafunga hakikuwa na hata mchezaji mmoja anayecheza nje ya Saudia.

Tangu siku ile nikawa namtafuta kurudi nyuma, mechi moja baada ya nyingine. Kocha, hapa ndipo nataka umpe kijana wako jibu. Lile bao halikuzaliwa Lusail. Salem amezaliwa Jeddah mwaka 1991, Al-Hilal kikosi cha kwanza amepanda 2011. Miaka yote hiyo anapokea mpira upande uleule wa kushoto, anaingia ndani kwa mguu uleule wa kulia. Mabeki wa Asia wanajua atakachofanya na bado anawapita.

Na kuanguka ameanguka, tena mahali ambapo kila mtu alikuwa anatazama. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Asia 2017, mechi ya marudiano Saitama, Japani, Al-Hilal dhidi ya Urawa Red Diamonds: kadi nyekundu. Al-Hilal wakapoteza 1-0 na kombe likabaki Japani. Miaka miwili baadaye fainali nyingine, wapinzani walewale, uwanja uleule wa Saitama. Mechi ya kwanza Al-Hilal wameshinda 1-0. Ya pili Salem akafunga, mwenzake Gomis akaongeza dakika za nyongeza, 2-0, kombe likaenda Riyadh. Mimi kila nikifikiria alivyoingia kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo 2019, akijua alivyotoka humo 2017, najisikia vibaya kwa yeyote anayesema hana moyo wa mpira mkubwa.

Ndugu yangu Chuma, umeitaja Villarreal, nayo tuiweke sawa. Mtu amekaa tangu Januari, amepata sehemu ya mechi moja ya ligi. Anaenda Urusi, mechi ya ufunguzi wanapigwa 5-0 na wenyeji, ya pili wanafungwa na Uruguay. Ya tatu Volgograd, dhidi ya Misri ya Salah, Salah akatangulia kufunga. Salman Al-Faraj akasawazisha kwa penati, na dakika ya 95 nani akafunga la ushindi? Ni wiki tano na siku chache tangu ile mechi ya Real Madrid. Kama benchi la Hispania lingekuwa limemvunja, lingemvunja pale.

Dereva_Riyadh

Wadau, mimi niko Riyadh mwaka wa tisa sasa, naongezea ya huku.

Kwanza suala la kutotoka. Watu wa nyumbani wanadhani kila mchezaji anaota Ulaya. Mchezaji mkubwa wa Saudia analipwa vizuri kwao, familia iko hapa, na akitembea sokoni anajulikana na kila mtoto. Kuacha hayo ukakae benchi Hispania si uamuzi mwepesi. Wanaojaribu wapo, Saud Abdulhamid alikwenda Roma 2024. Lakini upande wa pili, Ulaya yenyewe imehamia huku. Klabu zimeruhusiwa wageni wengi mpaka Mancini, alipokuwa kocha wa timu ya taifa, akalalamika wazi kwamba wachezaji wake Wasaudi hawapati dakika. Al-Hilal walimleta Neymar, Malcom, na wengine. Salem hakuondolewa. Akabaki winga ya kushoto, msimu wa 2023-24 wakatwaa ligi bila kufungwa hata mechi moja, na baadaye akapewa kitambaa cha unahodha, klabu na timu ya taifa. Chuma, kubaki kwenye kikosi kile ni sawa na kupita mtihani wa Ulaya bila kupanda ndege.

Pili, kijana asifichwe makosa. Tarehe 29 Aprili 2023, fainali ya Asia tena, Urawa walewale, mechi ya kwanza hapa Riyadh. Niliitazama kwenye mgahawa wa chai mtaa wa Batha, nimesimama mlangoni maana viti vimeisha. Salem akafunga mapema, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Urawa wakasawazisha. Dakika za mwisho akamrushia teke mpinzani, kadi nyekundu. Mgahawa ulinyamaza mpaka ukasikia birika linachemka nyuma. Marudiano hakuwepo, Al-Hilal wakafungwa 1-0, kombe likaondoka. Nampenda Salem, lakini kombe lile sehemu yake kubwa alilipoteza mwenyewe. Mwambie kijana hilo pia.

Halafu Oktoba mwaka uleule, Doha, akatangazwa mchezaji bora wa Asia wa 2022. Na 2025 akaichukua tena, safari hii sherehe ikiwa hapahapa Riyadh.

Chuma_Temeke

Ile hoja ya kubaki kikosini mbele ya akina Neymar nakubali, sikuwa nimeiangalia hivyo. Ila penati aliyokosa dhidi ya Poland 2022 mbona hamuitaji? Wako nyuma 1-0, mapumziko yanakaribia, angefunga pengine kundi lingegeuka.

Mwanalikoni

Ni kweli, na iliniuma. Kipa wao Szczęsny aliipangua, kisha akaokoa na ule mpira uliorudi uliopigwa na Al-Breik, mwenzake Salem. Sina la kumtetea, alipiga vibaya. Lakini miezi miwili na siku kadhaa baadaye, Februari 2023, Kombe la Dunia la Klabu, Al-Hilal na Flamengo nusu fainali. Penati mbili, mpigaji Salem zote mbili, akafunga zote mbili, wakashinda 3-2 na kwenda kukutana na Real Madrid fainali. Aliyekosa mbele ya dunia nzima akautenga mpira tena.

Kocha, umeuliza afundishwe nini. Anza na mguso wa kwanza. Mtazame Salem mpira unapomfikia: hausimamishi miguuni, anautuliza kuelekea kule anakotaka kwenda, kwa hiyo beki anapofika mpira umeshaondoka. Shuti linakuja mwisho. Vijana wengi wanafanya mazoezi ya lile shuti la kona ya mbali siku nzima, wakati kazi imeshafanyika hatua mbili kabla. Mrushie mipira ya juu kwa mkono, aipokee akiwa amekupa ubavu, ageuke kwa ndani. Mara mia kwa wiki. Na mguu wa kushoto usiuache, akimaliza kila zamu apige krosi kumi kwa huo, maana siku beki akimfungia ndani atahitaji mlango wa nje.

Kocha_Makorora

Wakuu nimeshukuru sana, nimesoma yote mara mbili. Nimempigia mama yake kijana, kesho aje nusu saa kabla ya wenzake. Mipira ya juu nitamrushia mwenyewe, na habari za Saitama nitamsimulia zote mbili, ya kadi na ya bao.

Mwanalikoni, yule mzee wa tasbihi ulimwona tena?

Mwanalikoni

Sikumwona. Saudia walirudi Lusail tarehe 30 kucheza na Mexico, lakini siku hiyo nilipangwa geti la nje, kwenye njia ya metro. Walikuwa wameshafungwa 2-0. Dakika ya 95 Salem akafunga, ikawa 2-1, Saudia wakaaga na Mexico wakaaga. Kutoka pale getini nilisikia sauti moja ya watu ndani, fupi, kisha milango ikafunguliwa na wakaanza kutoka. Nilitazama kila kanzu nyeupe iliyopita.