Usnea: alama imeng'ang'ania mstarini na ina mkia. Salazini au nostiktiki?

bamba10
Wakuu, habari za kazi. Nina kuvumwani wa jenasi Usnea, zile ndevu zinazoning'inia mitini. Tone la potashi kwenye nyama nyeupe, kati ya ganda na uzi wa katikati, linatoa njano halafu nyekundu. Nataka kujua kama ana asidi ya salazini au ya nostiktiki, kemikali za kuvumwani, kwa hiyo nimezitenganisha kwenye bamba la silika (kiyeyushi hupanda bambani na kubeba kila kemikali umbali wake). Kiyeyushi ni tolini ml 17 na asidi ya asetiki ml 3. Alama ya rangi ya chungwa imebaki karibu na mstari wa kuanzia, ina mkia mrefu, na sampuli za pembeni zimepanda kuliko za katikati. Nimekosea wapi?

kimirija
Mkia ni wingi wa dondoo, yaani asetoni iliyoyeyusha kemikali za kuvumwani. Kipande cha sm 1 kinatosha: matone 3 au 4 ya asetoni, dakika 5, kwenye kichupa cha kioo. Cha plastiki hapana. Asetoni inayeyusha vilainishi vya plastiki na utaona alama zisizo za kuvumwani. Gusisha kimirija kidogo tu, acha ikauke, rudia mara 2 au 3. Doa lisizidi mm 4.

Pembeni kupanda maana yake tangi halijajaa mvuke. Zungushia karatasi ya chujio ndani, iloweshe kiyeyushi, funika dakika 15 ndipo uingize bamba. Kina cha kiyeyushi nusu sentimita, mstari wa penseli sm 2 kutoka chini. Wino utapanda na kiyeyushi.

mwani_na_kuvu
Hayo sawa, ila kiyeyushi chenyewe hakifai kwa swali hili. Humo salazini ina Rf (umbali wa doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyushi) ya 0.04 hivi, yaani mm 4 tu kiyeyushi kikipanda sm 10, ndiyo maana inaonekana kama haijatoka. Tumia tolini ml 18, dioksani ml 4.5, asidi ya asetiki ml 0.5: salazini hufika kama sm 1, nostiktiki kama sm 4. Ufanyie kwenye kabati la kuvuta mvuke, dioksani si ya kuchezea.

Weka pia dondoo la kuvumwani mwenye nostiktiki na atranorini (kemikali nyingine ya kuvumwani) pande zote mbili za bamba. Hiyo ndiyo rula yako. Nostiktiki ya rula ikisimama sm 3.5, usisome jedwali la Rf kana kwamba imefika 4.

bamba10
Asante sana. Asidi ya salfuriki napaka bamba likitoka tu, ni sawa?

kimirija
Hapana mkuu. Likauke mpaka harufu ya siki iishe. Kwanza mulika urujuanimno wa nm 254, zungushia penseli kila doa jeusi. Ndipo upake asidi ya 10% (asidi iingie kwenye maji, kamwe si kinyume). Bamba likiwa bado bichi litazame: asidi za mafuta huonekana madoa meupe yasiyolowa, na zikishapashwa moto huzioni tena. Kisha oveni 110 °C mpaka rangi zitoke, na uziandike hapo hapo, maana kesho zitakuwa nyingine.