Spika za marehemu baba (BBC LS3/5A): niziuze vipi bila kupigwa?

MamaWawili_TMK
Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba alikuwa fundi mitambo wa redio. Mwaka 1984 alikwenda mafunzo Uingereza, akarudi na spika mbili ndogo badala ya friji aliyomuahidi mama. Friji hiyo inatajwa mpaka leo.

Ni visanduku vya mbao, kimo kama sentimita 30, lakini ukinyanyua kimoja unashtuka uzito. Nyuma kuna kibandiko cha Rogers, LS3/5A, omu 15 (kipimo cha ukinzani wa umeme), na namba inayoishia na B. Baba alizitumia kusikilizia taarifa ya habari. Alikuwa akisema humo unamsikia mtangazaji hata akimeza mate.

Sasa bati za nyumba ya mama zimeoza, tumekubaliana tuziuze. Fundi mmoja Kariakoo kaniambia laki mbili na nusu zote, ila anataka kwanza abadilishe twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) maana sauti iko chini. Nikubali? Natanguliza shukrani.

Mchuuzi_Halali
Laki tatu nachukua leo leo. Njoo PM.

FundiWaya
Dada, huyo wa juu mruke. Na huyo wa Kariakoo usimpe bisibisi.

Hiyo sauti kuwa chini si ugonjwa. Spika hizi ni nzito kuendesha: ukizipa wati 1 zinatoa desibeli 83 hivi, wakati spika nyingi za nyumbani zinafika 88 au 90. Ukizichomeka kwenye redio ndogo lazima zinong'one. Tafuta amplifaya ya maana, cheza sauti ya mtu akiongea, ongeza taratibu. Usizikoroge na singeli, uwezo wake ni wati 25 tu.

Twita ya humo ni T27 na wufa, ile ya sauti nzito, ni B110, zote za kampuni ya KEF ya Uingereza. KEF waliacha kuzitengeneza miaka ya tisini mwishoni. Ukitoa T27 nzima ukaweka ya elfu kumi na tano, umebakiwa na sanduku.

Mswahili_wa_Reading
Pole kwa msiba, dada. Niko huku Uingereza, vitu hivi navifahamu kidogo.

BBC walizibuni wenyewe miaka ya sabini mwanzoni kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Ndani ya gari hakuna nafasi, na fundi anahitaji kusikia kama sauti ya mtangazaji iko sawa. Ndiyo maana ni ndogo, na baba yako alikuwa sahihi kuhusu mate. Kampuni kadhaa zilipewa leseni ya kuzitengeneza, Rogers wakiwemo. Za omu 15 ni za kabla ya mabadiliko ya mwaka 1987 hivi, baadaye zikawa omu 11. Wanunuzi wengi huzitaka hizo za 15, na Wajapani na watu wa Hong Kong wanazipenda mno.

Jozi safi ambayo haijachezewa huku inavuka pauni 1,000. Ingia eBay uangalie zilizokwisha kuuzwa. Bei ya kuomba tu usiifuate, kila mtu anaweza kuota. Ila umetaja namba ya B tu. Ya A iko wapi? Zilitoka kiwandani zikiwa zimelinganishwa, namba moja, A na B.

MamaWawili_TMK
Hapo ndipo penye aibu. A iko kwa kaka, kwenye saluni yake ya kinyozi Mbagala. Halafu hii yangu vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao ya juu, imefifia, nipige vanishi?

FundiWaya
Weeee! Kitambaa kikavu, basi. Na zile pamba nyeusi zilizozunguka twita usizing'oe, zimewekwa makusudi. Kesho asubuhi panda daladala ukaifuate A.

Mswahili_wa_Reading
Kila moja ni kilo 5 na kitu. Jozi inaingia kwenye begi la kilo 23 la ndugu anayesafiri, kila moja na boksi lake. Mnunuzi akikwambia atatuma pesa zaidi halafu umrudishie chenji, mkimbie.

MamaWawili_TMK
Mrejesho. Nimetoka Mbagala. Namba ni ile ile, A. Lakini kaka kaipigilia ukutani kwa vyuma viwili, skrubu nne zimeingia ubavuni, na mbele kuna stika ya mtindo wa nywele. Nimemuachia spika ya bluetooth ya elfu arobaini, kanuna. Nimezisikiliza zote mbili, zinalia sawa.

FundiWaya
Matundu usizibe kwa gundi wala unga wa mbao. Piga picha karibu, uyaeleze kwenye tangazo. Bei itashuka, ila mnunuzi akiyagundua mwenyewe atataka azirudishe.

MamaWawili_TMK
Sawa mkuu. Mama anauliza kama kwenye hela ya bati itabaki ya friji.